Mahadhi ya Tisa

Mwenzangu wa Mtanda alipiga simu Jumatatu asubuhi kusema anakuja, na tangu saa ile tumbo langu likaharibika. Nilikwenda chooni mara nne kabla ya adhuhuri. Mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi wa zahanati na haamini kitu mpaka akipime, akanipima joto, akanibonyeza tumbo, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia dagaa wa jana. Uongo. Sikuwa nimekula kitu, nilikuwa naogopa tu.

Ngoja niseme nilichokuwa naogopa, maana bila hivyo utaniona bibi mwehu.

Hapa Tingi, kwa miaka zaidi ya arobaini, mimi ndiye niliyekuwa natoa maulidi ya kina mama. Kutoa ni kuanza wewe, wenzako wakaitikia. Shule nimeishia darasa la nne, na hata hili daftari ninaloandikia mistari yake inanishinda kuifuata. Lakini kwa sauti usinifananishe na mtu. Nilikuwa nikianza, wanaume upande wa pili wa ukuta wanaacha kunywa kahawa. Walikuwa wanakuja kina mama kutoka Somanga, kutoka Kivinje, wengine na watoto wachanga mgongoni, kuja kunisikiliza mimi. Sijisifu bure, waulize.

Kilichonishusha ni meno. Kuna herufi ambazo hazitoki mpaka ulimi uguse jino la mbele, na mimi nimebaki na meno matano, yote ya nyuma. Salamu za Mtume zikawa zinatoka kinywani mwangu kama upepo unaopita chini ya mlango. Nilijaribu meno ya bandia. Siku moja, katikati ya maulidi ya mtu, jino likaruka likaangukia kwenye chetezo cha udi. Nikaliokota, nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikaendelea. Hakuna aliyecheka mbele yangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba wananionea huruma. Baada ya wiki akaja mke wa shehe, akakaa jikoni kwangu muda mrefu akizungumzia bei ya vitunguu, kisha akasema, "Bi mkubwa, umetubeba miaka yote hii. Sasa na sisi tukubebe." Nikamwelewa. Nikamwambia mjukuu wangu ndiye atakayekaa mahali pangu.

Kukabidhi kwetu kuna utaratibu wake, aliuweka mwalimu aliyetufundisha. Anayeondoka anakaa pembeni, kanga imemfunika mdomo, haruhusiwi kutoa hata mguno. Anayeingia anakaa kwenye mkeka wa mwalimu na kutoa mahadhi yote kumi na mawili kutoka kichwani, bila karatasi, bila simu. Mbele yake wanakaa waliosoma kwa mwalimu. Mtoto akipotoka, mmoja wao anagonga mkeka kwa kiganja, mara moja. Na ukishagonga, lazima hapo hapo uyatoe wewe yale ya haki, watu wote wasikie, ndipo mtoto aendelee. Akigongewa mara tatu anainuka, mkeka unakunjwa, na habari inafika Nangurukuru kabla sufuria za pilau hazijapoa.

Tulikuwa wanafunzi saba. Watano Mungu amewachukua. Tumebaki mimi na huyu wa Mtanda, kule Lindi mjini, ambaye kwa miaka mingi nimemwombea afya njema akiwa huko huko kwake.

Sasa mwalimu. Alikuwa anakaa Kivinje, mwanamke mfupi, ukope wa jicho moja umelegea, na hakuwahi kutufundisha mikono ikiwa mitupu. Alikuwa anatuwekea ukindu uliokwisha kutiwa rangi, kila mmoja anasuka ukili wake, yaani ule utepe mrefu ambao ukishonwa na wenzake unakuwa mkeka. Kila mahadhi yalikuwa na ukili wake. Unasuka huku unaimba, vidole vinakwenda na sauti. Ukikosea sauti hakupigi. Anasema neno moja: fumua. Unafumua ulichosuka tangu mwanzo wa mahadhi hayo, unaanza upya. Nimefumua mpaka ncha za vidole zikawa kama za mtu aliyemenya korosho mbichi. Tulipohitimu, mwalimu akachagua kili kumi na mbili, mmoja kwa kila mahadhi, zikashonwa pamoja, na huo ndio mkeka wenyewe, upo mpaka leo. Ukili wa tisa, mwekundu na mweusi, aliusuka mwenzangu wa Mtanda. Mahadhi ya tisa yalikuwa magumu kuliko yote. Yalikuwa yanashuka pale ambapo sikio linataka yapande.

Mwalimu alikufa msimu wa korosho, ghafla, akiwa anapepeta mchele. Mwenzangu alikuwa ameshaolewa Lindi na alikuwa amejifungua siku chache, hakuweza kuja. Siku ya arobaini wakanikalisha mimi kwenye mkeka kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa kuliko wenzangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nikatoa ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Nikafungua kinywa kutoa ya tisa.

Hakuna kitu.

Sijui kama yamewahi kukukuta. Kichwa kilikuwa cheupe kama sinia. Nilisikia jasho likishuka nyuma ya masikio. Wanawake wametulia, wamenikodolea macho, mama yake mwalimu, kikongwe, yuko mbele yangu kabisa. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka na hakikuweza kubaki wazi hivyo. Basi kikatoa kilichokuwa karibu. Kikatoa wimbo wa Umatumbini, milimani kwa bibi yangu mzaa mama, ule walioniimbia asubuhi niliyotolewa nje nilipochezwa unyago.

Maneno yalikuwa ya maulidi, sikubadilisha hata moja. Lakini sauti ilikuwa ya kungwi. Sauti ile wanawake wanaiimba wamejifunga vibwebwe, na maneno yake ya asili siwezi kuyaandika hapa, wala sikuweza kumwimbia mume wangu niliyezaa naye watoto sita. Mimi nikamsalia nayo Mtume.

Niliivuta polepole kwa hofu, na kule kuivuta kukaifanya nzuri. Wanawake wakalia. Nawaambia kweli, walilia kuliko walivyolia siku ya mazishi. Tulipomaliza, mama yake mwalimu akanishika mkono, akaniuliza, "Haya sijawahi kumsikia nayo mwanangu. Alikuwa anayaficha?" Nikamjibu, "Ndiyo, aliniachia mimi."

Hilo neno ndilo nililoishi nalo. Ya tisa ya kweli niliyatafuta kesho yake, na keshokutwa yake, nikisuka, nikitwanga, nikipalilia. Hayakurudi. Na kila maulidi watu walikuwa wanayasubiri yale ya uongo. Wanawake wa pwani hawakuujua wimbo ule. Walioujua ni wa kijiji kimoja cha milimani, waliochezwa kwa kungwi mmoja, na wengi wao wamekwisha kufa. Wenzangu watano hawakuwahi kuyamudu ya kweli, wakaamini kwamba mwalimu aliniachia haya. Mtu pekee aliyeweza kunishika ni yule aliyeusuka ukili wa tisa kwa mikono yake. Kwa hiyo nikamkimbia. Akija Kivinje kwenye arobaini, mimi nina homa. Akinialika Mtanda, mimi nina wageni. Mara moja tu alinikuta nimeshakaa kwenye mkeka, ikabidi nianze kukohoa tangu mwisho wa ya nane, nikakohoa mpaka nikapigwa mgongo na kupewa maji, na tukarukia ya kumi.

Kama ningekuwa peke yangu katika aibu hii ningekufa nayo, basi. Lakini kuna mjukuu wangu. Huyu mtoto nimemlea mimi. Amesoma mpaka chuo cha uuguzi, amerudi hapa hapa, na kina mama wakijifungua wanamwita yeye kwanza. Sauti yake ni yangu ya zamani, ila ina adabu zaidi. Nilianza kumfundisha hajaota meno ya pili, na ya tisa nikamfundisha yale yale ya uongo, kwa sababu sina mengine. Amekuwa akiyaimba yakamganda. Watu wamemrekodi kwa simu, wameyapeleka Dar, yanapigwa harusini. Sasa Jumamosi angekaa kwenye mkeka mbele ya kijiji kizima, na mbele yake mwanamke mwenye haki ya kugonga. Angegongewa kwa kosa langu mimi. Na mimi nimekaa pembeni, mdomo umefunikwa.

Mwenzangu alifika Ijumaa baada ya sala. Basi lilimshusha barabara kuu, mjukuu wangu akamfuata kwa bajaji. Niliposikia bajaji mlangoni nilikuwa nachambua mchele, na mikono ikaanza kutupa mchele nikabakiza mawe.

"Shikamoo tena bibi, shuka taratibu," nilimsikia mjukuu wangu akisema.

"Marahaba. Ati wewe ndiye muuguzi. Sindano zako zinauma?"

"Inategemea na mtu, bibi."

"Nimeshakupenda. Na huyo bibi yako yuko wapi, au ana homa?"

Nikatoka. Amekuwa mdogo, kama mtu aliyefuliwa akasinyaa. Macho yote mawili yana ukungu mweupe. Akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata uso wangu, akaupapasa, akafika mdomoni.

"Yameisha," akasema.

"Yamebaki matano."

"Mimi saba. Nimekushinda." Akacheka, na mimi nikacheka, cheko langu likatoka kavu.

Alipokwisha kula akaomba aletewe mkeka. Nilikuwa nimeutandika ukumbini tayari kwa kesho. Akakaa pembeni yake, akaanza kuupapasa ukili mmoja baada ya mwingine, anahesabu kwa vidole, mjukuu wangu amekaa anamtazama kama anavyomtazama mgonjwa.

"Huu wa kwanza wa marehemu wa Somanga. Alikuwa anabana sana. Huu wako, huu wa tatu. Umelegea. Mwalimu alikuwa anasema unasuka kama mtu anayefunga mzigo wa kuni."

"Mkeka umekaa miaka yote hii, haujafumuka," nikasema.

"Kwa sababu wenzako wameushika kulia na kushoto."

Mjukuu wangu akaficha kicheko. Vidole vikaenda. Vikafika kwenye ukili wa tisa, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaenda tena mbele, polepole, msuko kwa msuko. Nilikuwa natazama vidole vile kama mtu anavyomtazama nyoka akikatiza ndani ya nyumba.

"Huu wangu," akasema.

"Huo wako."

Akamgeukia mjukuu wangu, au pale alipodhani yuko. "Kesho nataka nikae karibu yako kabisa, mwanangu. Masikio nayo yamechoka. Nataka niyasikie ya tisa vizuri, toka mwanzo mpaka mwisho."

"Sawa bibi. Watu wote wanayapenda hayo."

"Nimesikia," akasema. "Mpaka Lindi sifa zimefika, ila ya kwenye simu masikio yangu hayayashiki."

Usiniulize habari za usingizi wangu.

Asubuhi ya Jumamosi, kina mama wako uani wanakata nyama na kumenya vitunguu saumu, nikamvuta mjukuu wangu kwenye chumba cha kuni. Nikamwambia, "Leo ukimaliza ya nane, nenda ya kumi."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia nenda ya kumi."

"Bibi, nusu ya watu wanakuja kwa ajili ya ya tisa. Na huyo bibi kasafiri toka Lindi kwa ajili hiyo. Una nini wewe? Wiki nzima unaendesha, huli, mapigo ya moyo yako yanakwenda mbio nikiyashika."

Hapo nikasema. Nilisema vibaya, kwa kipande kipande, nikiangalia kuni. Kwamba ya tisa si ya mwalimu. Kwamba ni ya kwa bibi yangu, milimani.

"Ya shughuli gani?" akauliza.

"Ya kumtoa mwali."

Hakuelewa mara moja, kisha nikaona anaelewa. Aliweka mkono kifuani, juu ya sare yake, maana alikuwa ametoka zamu. "Nimeiimba hiyo msikitini," akasema. "Nimeiimba siku ya maziko ya baba. Nimeiimba shehe amekaa hapo, bibi, kafumba macho."

"Maneno ni ya Mtume."

"Usinieleze maneno." Sauti ilikuwa ndogo sana. Ningependa angefoka. "Sasa nitaimba nini pale? Ya haki ni yapi?"

"Sijui."

"Hujui."

"Yalipotea siku ile ile."

Akanitazama muda, kama anavyotazama jeraha ambalo mtu amelifunga matambara wiki tatu ndipo analileta zahanati. Kisha uani wakamwita aje aonje chumvi, akaenda. Hakuniambia ataimba nini. Nilibaki kule kwenye kuni nimeshika ukuta, bibi mzima mwenye wajukuu kumi na mmoja.

Tulianza baada ya adhuhuri. Uani palijaa mpaka barazani, na wengine wamekaa juu ya vinu vilivyolazwa. Nikafunika mdomo kwa kanga, nikakaa pembeni kama inavyotakiwa. Mjukuu wangu akakaa kwenye mkeka, kanzu nyeupe, ushungi mweupe, na mbele yake, goti kwa goti, mwenzangu wa Mtanda, kiganja chake kimelala juu ya ukili, tayari.

Ya kwanza akayatoa vizuri. Ya tatu, yangu, akayatoa vizuri kuliko mimi. Kwenye ya tano akayumba kidogo, nikakiona kiganja kinainuka nusu, kikashuka, mtoto ameshajirudi. Matari yalikuwa yakipigwa kwenye ya sita na ya saba, wanawake wanayumba kulia na kushoto, na mimi sikusikia raha hata chembe. Nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nimeuma kanga kwa yale meno matano mpaka ikalowa.

Ya nane yakaisha.

Akanyamaza. Nadhani alinyamaza muda wa kumeza mate mara mbili, lakini mimi niliona wanawake wanaanza kugeuza shingo. Alinitazama mimi. Nilimtazama. Nisingeweza kumsaidia hata ningeruhusiwa, sikuwa na kitu cha kumpa. Mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye kinywa cha mtoto.

Mjukuu wangu akafumba macho, akautoa wimbo wa milimani.

Aliutoa taratibu kuliko siku zote. Mstari wa kwanza tu, nikakiona kiganja cha mwenzangu kinaondoka kwenye mkeka. Kikapanda. Kikasimama hewani, vidole vitano vimetawanyika. Wanawake wa mbele walikiona kile kiganja. Mke wa shehe alikiona. Mjukuu wangu alikuwa amefumba macho, anaendelea, mstari wa pili, wa tatu, wengine wanaitikia huku wanatazama mkono. Mkono ukakaa pale juu. Kisha ukashuka, pole pole, ukapita mkeka, ukaenda kushika pindo la kanga yake mwenyewe, na ukabaki huko mpaka mwisho.

Hakugonga. Mtoto akamaliza yote kumi na mawili. Tulipoinuka kwa salamu za mwisho watu wakanyunyiziwa marashi, wakamkumbatia, wakampa mkono, na mke wa shehe akasema kwa sauti ya kusikika uani kote kwamba sasa tuna mtoaji. Mimi nikaruhusiwa kufunua mdomo.

Wakati watu wanakula, mwenzangu akanishika mkono. "Nipeleke chumbani kwako, nijinyooshe mgongo." Tukaenda. Mjukuu wangu akatuona, akatufuata, akafunga mlango, akasimama nao nyuma yake. Mwenzangu akakaa kitandani.

"Yale si ya mwalimu," akasema.

"Siyo," nikasema.

"Nilijua toka pumzi ya kwanza. Umeyatoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, Umatumbini."

"Ya unyago?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Una moyo mgumu wewe." Nilikuwa nimesimama kama mtoto anayengoja kuchapwa, na mjukuu wangu akasema, "Bibi, nisamehe kuuliza. Mbona hukugonga?"

"Ukigonga unatakiwa kuyatoa ya haki," akasema mwenzangu. "Mimi sina."

Nilidhani sijasikia.

"Yalinitoka nilipougua malaria ile ya kichwani, mwanangu wa mwisho akiwa bado ananyonya," akasema. "Nilipopona nikawa na mengine yote, hayo hakuna. Huko Mtanda miaka yote nikifika hapo narudia ya nne. Wanadhani ndivyo yalivyo, ya nne na ya tisa ni mamoja. Nikajipa moyo. Nikasema mwenzangu wa Tingi anayo, siku yoyote nitakwenda nikayasikie, nitayachukua kimya kimya, hata hatajua. Kila nikija una homa. Nikadhani umejua. Nikadhani unaninyima kwa sababu umegundua nimeyatupa, mimi niliyeyasuka. Nikawa naogopa kukuuliza." Akageuza yale macho meupe upande wangu. "Juzi nimesikia unakabidhi, nikasema ndiyo mara ya mwisho, nisipoyasikia leo sitayasikia tena."

Mjukuu wangu akaketi sakafuni.

Sikucheka, ingawa sasa nikimsimulia mtu anadhani tulicheka. Hofu ya miaka arobaini iliniondoka pale pale, kweli, tumbo likatulia kama limefungwa kamba. Lakini kabla sijavuta pumzi nikaingiwa na nyingine, na hii ni mbaya kuliko ile. Ile ya kwanza ilikuwa ya mimi kuaibika. Nikahesabu: mwalimu kafa, watano wamekufa, tumebaki wawili, na wawili wote mikono mitupu. Hakuna mtu duniani mwenye ya tisa. Na kama ningekwenda Mtanda ule mwaka wa kwanza, kabla hajaugua, nikamwambia tu, mwenzangu, nimesahau, nikumbushe, angenikumbusha kwa muda wa kupika chai. Nilimkimbia mtu aliyekuwa nayo mpaka yakamtoka.

Hilo sijalisema mbele yake. Naliandika hapa.

"Hata kidogo hukumbuki?" mjukuu wangu akamuuliza.

"Nakumbuka kwamba yanashuka."

"Pale ambapo sikio linataka yapande," nikasema.

"Eheh. Basi pale ndipo ninapofika mimi. Nafika ukingoni, halafu hakuna ngazi."

Alikuwa arudi Lindi Jumapili. Hakurudi. Jumatatu mjukuu wangu alipokwenda zamu akatuletea mafungu mawili ya ukindu, mwekundu na mweusi, akayaloweka mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri tunakaa ukumbini, bibi wawili, meno kumi na mawili, tunasuka. Mwenzangu anaweka mkono mmoja kwenye ukili wake wa zamani, anaufuata msuko kwa msuko, anausuka upya kwa kuuiga, na tunangoja kama vidole vitatuletea sauti. Vimetuletea kidogo. Mwanzo tumeupata, pumzi mbili za kwanza, sote wawili tulizisema kwa pamoja siku ya tatu, na mwenzangu akaniparura mkono kwa furaha. Baada ya pale, giza. Naogopa kila asubuhi ninapomsikia akikohoa. Naogopa kila ninapoamka na nikashindwa kwa dakika nzima kukumbuka jina la jirani. Nikiwa nachota maji nazirudia zile pumzi mbili, nazirudia, kama mtu anayebeba moto kiganjani.

Mjukuu wangu ameniambia ataendelea kutoa ule wa milimani, kwa sababu hana kingine cha kuweka pale, lakini atawaambia kina mama umetoka wapi. Atasema lini, hajaniambia. "Siku nitakayokuwa tayari, bibi. Na wewe utakaa mbele." Nitakaa. Nimeshachagua kanga ya kujifunikia.

Akirudi zahanati anakaa nasi kabla hata hajavua viatu. Jana tulikuwa tumefika ukingoni pale, mwenzangu amefumba macho, vidole vinakwenda, na mimi nikajisikia nashuka, nikasema moyoni, ndiyo haya, yamerudi. Kiganja kikapiga mkeka, paa.

Alikuwa mjukuu wangu.

"Hiyo ni ya milimani," akasema. "Mmeteleza tena."

"Umegonga," mwenzangu akamwambia. "Haya, toa ya haki."

"Ya haki siyajui, bibi. Najua tu kwamba hayo siyo."

Nje kuna mtu alikuwa anapita anaipiga kwenye simu sauti ile ile, ya mjukuu wangu, ya kungwi. Ikapita, ikaishia kwenye kona.

"Fumueni," mjukuu wangu akasema.

Tukafumua.